Boti, treni na kikohozi cha siri

Leo naomba tusafiri kidogo. Tunakwenda Uingereza, tunapanda treni, halafu tunapanda boti. Usicheke! Safari yenyewe ilikuwa Agosti 2020, katikati ya janga la korona, na mimi nilikuwamo.

Wakati ule wewe labda ulikuwa shule ya msingi, unakumbuka tu ndoo za maji yenye koki kila mlango na shule kufungwa ghafla. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo huko Nottingham, mji wa katikati ya Uingereza. Tulipanga nyumba moja watu wanne: mimi Mtanzania, dada mmoja wa Mombasa, mshikaji mmoja wa Nakuru, na binti mmoja Mwingereza. Kuanzia tarehe 23 Machi 2020 Waingereza waliambiwa wakae majumbani. Miezi mitatu na zaidi tukawa tunatazamana nyuso nne zile zile. Mnagombania sufuria, mnagombania rimoti, mnagombania nani kamaliza sukari. Mwenzetu wa Nakuru tu ndiye aliyetoka kila siku, maana alikuwa na kibarua cha usiku kwenye ghala la kufunga mizigo.

Basi, tarehe 4 Julai serikali ikaruhusu watu kulala tena kwenye nyumba za likizo, na boti za kukodi zikiwemo. Yule Mwingereza akaja na wazo. "Twendeni mferejini," akasema. "Boti ni yetu peke yetu, hatukutani na mtu, hewa safi. Hakuna likizo salama kuliko hiyo." Tukachanga. Kwa mwanafunzi zile zilikuwa pesa nyingi, na hazirudishwi ukiahirisha siku za mwisho. Shika sana hapo, tutaparudia.

BOTI YENYEWE IKOJE?

Usifikirie meli ya Zanzibar. Uingereza ina mifereji iliyochimbwa kwa mikono miaka 200 na zaidi iliyopita, kabla ya reli, ili kubeba makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Zamani mashua zilivutwa na farasi anayetembea kando. Siku hizi mizigo haipiti tena kwa wingi, wanaopita ni watu wa likizo na wale walioamua kuishi majini. Boti ni nyembamba sana kwa sababu mifereji mingi ni myembamba. Yetu ilikuwa na urefu wa mita kama 17, lakini upana wake mita 2 na kidogo tu! Ndani yake kuna jiko, choo, vitanda na meza, vyote vimepangwa kwenye mstari kama behewa. Mtu akitaka kwenda chooni, wengine wanabana tumbo.

Mwendo wake sasa. Hairuhusiwi kuzidi kilomita 6 kwa saa. Bibi kizee mwenye fimbo anakupita huku anakupungia mkono. Leseni haihitajiki, unafundishwa nusu saa, unakabidhiwa usukani ambao ni mti mmoja wa chuma nyuma ya boti. Ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Siku ya kwanza tuligonga ukingo mara nne.

Tulichagua mfereji unaotoka mji wa Worcester kwenda Birmingham. Una kilomita 48, ulikamilika mwaka 1815, na una malango ya maji 58. Lango la maji ni nini? Maji hayapandi mlima, si ndiyo? Kwa hiyo wakajenga ngazi. Boti inaingia kwenye chumba chembamba cha matofali, mnafunga mageti nyuma yake, halafu mnafungua vilango vidogo kwa hendeli ya chuma ili maji ya juu yaingie. Maji yanapanda, na boti inapanda nayo. Mnafungua mageti ya mbele, mnasonga, mnaanza upya. Hakuna mashine, ni mgongo na miguu yenu. Mahali paitwapo Tardebigge kuna malango 30 mfululizo katika kilomita kama 3.6, na yanakupandisha mita 67. Ni kama kuipandisha boti ghorofa ya 20 kwa kusukuma milango. Katika Uingereza yote hakuna mfululizo mrefu kuliko huo.

TRENI: TULIOGOPA WATU

Kutoka Nottingham tulipanda treni hadi Birmingham, saa moja na robo hivi, tukabadilisha na kupanda nyingine hadi mji mdogo wa Bromsgrove. Barakoa ilikuwa lazima kwenye usafiri wa umma tangu tarehe 15 Juni. Baadhi ya viti viliwekwa alama kwamba visikaliwe. Tulijiandaa kama tunakwenda vitani: barakoa mbili mbili, vitakasa mikono, chupa ya sabuni. Dada wa Mombasa alifuta kiti, akafuta meza, akafuta dirisha. Mimi nilikuwa najibana upande wa dirisha kila abiria anapopita.

Upande wa pili alikaa mzee mmoja. Alishusha barakoa kidevuni akala mkate wenye soseji taratibu, kipande baada ya kipande, kuanzia kituo cha pili hadi Birmingham. Kula kuliruhusiwa. Lakini jinsi tulivyomtazama! Kwa Kiswahili, ili asielewe, tulimsema mpaka basi. Eti huyu mzee ndiye atakayetuletea ugonjwa.

Mshikaji wa Nakuru alikuwa kimya. Alisema ana usingizi. Mara mbili alikohoa kidogo, kile kikohozi cha kujificha, unakibania kooni. Mimi nilisikia. Usiku wa kuamkia safari pia nilimsikia kupitia ukutani. Sikuuliza, na nitakuambia kwa nini: sikutaka kusikia jibu.

Kutoka Bromsgrove tulitembea nusu saa na mabegi mgongoni. Tulipoingia kwenye boti kila mtu akavua barakoa akaitupa mezani. "Tumefika salama!" Tukafunga milango kwa sababu mvua ilianza, tukapika wali, tukaimba mpaka usiku wa manane.

VITUNGUU

Kesho yake saa 2 asubuhi tulianza kupanda Tardebigge. Kufika lango la kumi mwenzetu alikuwa amekaa chini. Tukamtania: mtu wa Nakuru, amezaliwa kwenye baridi na milima, anashindwa na mageti ya Wazungu? Akacheka, akainuka, akasukuma mengine matatu, akakaa tena. Lango la kumi na tisa akaingia ndani kulala. Kila mmoja wetu alikuwa na maumivu ya mgongo, kwa hiyo uchovu wake ulieleweka. Tulifika juu kama saa 9 alasiri tukafunga boti ukingoni.

Jioni alisema ameamka vizuri, atapika yeye. Sisi tulikuwa nje tunapiga soga. Mara moshi ukaanza kutoka dirishani. Dada wa Mombasa akakimbilia ndani.

"We! Vitunguu vyaungua, huoni?"

"Viko sawa, bado kidogo."

"Viko sawa vipi na vimekuwa mkaa? Harufu yote hii huisikii?"

Akainamia sufuria, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akachukua chupa ya siki, akaifungua, akaiweka puani. Halafu akatutazama. Sitasahau sura ile. "Sisikii kitu," akasema. "Sisikii harufu ya kitu chochote."

Mwaka 2020 dalili kubwa zilizotangazwa Uingereza zilikuwa tatu: homa, kikohozi kipya kisichokoma, na kupotelewa na uwezo wa kunusa au kuonja. Hiyo ya tatu iliongezwa tarehe 18 Mei, na sisi wote tuliijua.

Akakaa kitandani, akasema ukweli. Koo lilianza kuwasha siku moja kabla ya safari. "Nilijua mmelipa. Nilijua mmengoja miezi. Nikasema labda ni vumbi la ghala, nikinyamaza litapita." Alikuwa karibu kulia. Dada wa Mombasa alitaka kumfokea, niliona kabisa, lakini nikasema na mimi nilimsikia akikohoa usiku nikajifanya sijasikia. Hapo ndipo Mwingereza, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza: "Na bibi yangu je?"

Maana siku ya mwisho mpango ulikuwa tupande treni ya dakika 20 na kitu kutoka Bromsgrove hadi Worcester, kwa bibi yake. Bibi ana miaka 81. Alikuwa anaishi peke yake, hakukumbatiwa na mtu tangu Machi. Alikuwa ameshatuokea keki.

SASA TUFANYE HESABU YA HEWA

Hebu tuiache boti hapo kidogo. Virusi vya korona hutoka kwa mtu pamoja na pumzi yake: akikohoa, akiongea, akiimba. Matone makubwa huanguka karibu. Yale madogo sana huelea hewani, na katika chumba kilichofungwa yanaweza kukaa muda mrefu, yakiongezeka kadiri mtu anavyoendelea kupumua. Fikiria mtu anavuta sigara. Akivuta uwanjani, moshi unapeperuka. Akivuta ndani ya chumba kimoja nanyi kwa usiku mzima na madirisha yamefungwa, kesho nguo zenu zote zinanuka. Ule moshi ndio njia ya virusi, ila huu wa virusi hauonekani.

Kwa hiyo maswali ni haya: hewa inabadilishwa? Mnakaa muda gani? Mko karibu kiasi gani? Na mnafanya nini, mmenyamaza au mnaimba? Treni yetu ilikuwa na watu wachache, wengi wamevaa barakoa, wamenyamaza, na kwa saa moja na robo tu. Boti ilikuwa na upana wa mita mbili, madirisha yamefungwa kwa mvua, watu wanne wanaimba bila barakoa, halafu wanalala humo humo saa nane. Tulikuwa na hofu mahali penye hatari ndogo, tukalegea penye hatari kubwa, kwa sababu treni ilikuwa na wageni na boti ilikuwa na marafiki. Virusi havijui nani rafiki.

Kuna jambo jingine lililonichoma zaidi. Kwa aina ya virusi vya mwaka ule, toka mtu aambukizwe hadi dalili zianze mara nyingi zilipita siku tano au sita. Koo la mwenzetu liliwasha kabla hatujapanda treni. Kwa hiyo si mzee wa soseji aliyetuletea ugonjwa. Ni sisi tuliokaa karibu na mzee wa soseji tukiwa nao. Mtu huweza kuambukiza hata siku mbili kabla ya dalili, sembuse yule ambaye koo limeshaanza! Bahati nzuri mwenzetu alivaa barakoa yake barabara muda wote, na barakoa ya kitambaa kazi yake kubwa ni kuzuia kile unachotoa wewe.

KUSHUKA MLIMA

Tulipiga namba ya afya ya huko, 111. Wakatuambia: mgonjwa ajitenge, apimwe, na msipande usafiri wa umma. Hapo ndipo kasheshe. Tuko juu ya malango 30, boti inakwenda kilomita 6 kwa saa, gari hatuna, treni marufuku. Tena boti ya mita 17 kwenye mfereji haigeuki popote, lazima mtafute sehemu iliyochimbwa pana maalumu.

Usiku ule tulifungua kila dirisha. Mgonjwa alilala chumba cha mbele, mlango wa nje wazi, amejifunika mablanketi matatu. Sisi tulilala upande wa nyuma tumevaa makoti na barakoa. Asubuhi tukageuza boti na kushuka malango yote, watu watatu badala ya wanne, yale 30 na mengine 6 ya chini yake. Kila tulipokutana na boti nyingine tuliita kwa mbali: "Tuna mgonjwa, tafadhali msisogee!" Nilitegemea watu watukasirikie. Mama mmoja alituwekea biskuti ukingoni, akarudi nyuma hatua kumi, akatupungia.

Kaka wa yule Mwingereza alileta gari hadi pale boti zinapoegeshwa. Hakutusalimia kwa mkono. Aliacha ufunguo juu ya tairi, akasimama ng'ambo ya mfereji mpaka alipohakikisha tumeuona, akaenda zake kupanda treni ya kurudi kwake, yeye akiwa mzima. Dada yake akaendesha. Saa moja na nusu, madirisha manne wazi, mvua inaingia, barakoa usoni, mgonjwa amekaa nyuma upande wa mbali na dereva. Hakuna aliyewasha redio. Kampuni ya boti tuliipigia tukiwa njiani, nao wakaiacha imefungwa siku kadhaa kabla ya kuisafisha.

Kipimo kilifanyika uwanja wa maegesho, hushuki hata kwenye gari: unajisugua kijiti kooni na puani mwenyewe. Majibu yakaja kwa simu siku iliyofuata. Anayo. Yeye akajitenga siku 10, sisi wa nyumba moja siku 14, ndiyo ilikuwa kanuni ya wakati huo. Siku ya tano homa ikanipata mimi. Kwa wiki nzima chai ilikuwa maji ya moto tu. Mwingereza aliumwa kichwa siku mbili, kipimo kikaonyesha anayo. Dada wa Mombasa, ambaye alilala karibu na dirisha kuliko wote, hakupata kitu. Siwezi kukuapia kuwa ni dirisha, lakini yeye hadi leo anatutambia nalo.

Bibi alikula keki peke yake, kipande kimoja kila siku, na kila siku alipiga simu kutueleza imebaki kiasi gani. Tulikwenda kwake mwaka uliofuata, kiangazi cha 2021, akiwa ameshachanja dozi zote mbili. Tulikaa bustanini. Mshikaji wa Nakuru alinyamaza sana siku ile, na bibi ndiye aliyemvuta mkono.

SASA MIMI NA BOTI WAPI NA WAPI?

Najua unauliza. Wewe unapanda daladala ya Mbagala, huna habari na mifereji ya watu. Ile hali ya dharura ya dunia kuhusu korona, Shirika la Afya Duniani liliiondoa tarehe 5 Mei 2023. Virusi vyenyewe bado vipo, ila sasa watu wengi wana kinga kiasi kutokana na chanjo au kuugua. Lakini hesabu ya hewa haijabadilika, na kuna ugonjwa mwingine unaosafiri kwa njia ile ile ambao hapa kwetu ulikuwepo kabla ya korona na upo mpaka leo: kifua kikuu.

Kifua kikuu cha mapafu nacho huelea hewani mgonjwa anapokohoa. Hakiambukizi kwa kupeana mkono wala kwa kikombe. Hupenda vyumba vilivyofungwa na muda mrefu: bweni, darasa, gari lililojaa. Ndiyo maana kwenye daladala dirisha ni dawa ya bure. Asubuhi ya baridi au mvua ikinyesha kila mtu anafunga, na anayefungua anaonekana mchokozi. Fungua hata nusu. Mwambie konda kwa adabu, "Kaka, naomba tupate hewa kidogo nyuma huku." Akikataa, kaa karibu na mlango. Bwenini chagueni zamu ya kufungua madirisha kila asubuhi na wakati wa prepu, hata kama mbu wanasumbua. Kwa mbu kuna chandarua.

Na ukiwa na kikohozi? Ziba mdomo kwa kiwiko au kitambaa, vaa barakoa ukilazimika kupanda gari. Kikifika wiki mbili, au ukiona unapungua uzito, unatoka jasho usiku au unakohoa damu, usingoje. Nenda zahanati au kituo cha afya cha serikali. Kipimo cha kifua kikuu ni bure na dawa ni bure. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na mtu akimeza dawa vizuri uwezo wake wa kuambukiza wengine hupungua haraka.

Ugumu, nakuambia kwa uzoefu, si kwenda kupimwa. Ugumu ni ile sentensi ya kwanza. Mwenzetu alikuwa mtu mwema na mwenye akili, na alishindwa kuwaambia watu watatu anaokula nao kwamba koo linawasha, kwa sababu tu pesa zimelipwa. Na mimi niliyesikia ukutani nilishindwa kuuliza. Kwa hiyo ukimsikia rafiki yako wa bwenini anakohoa usiku, wiki ya kwanza, wiki ya pili, usianze kwa kumhamishia kitanda wala kumtangaza. Mwulize asubuhi mkiwa wawili: "Hicho kikohozi kimeanza lini?" Akikuambia, mwambie mtakwenda wote kituoni, na umsindikize kweli, mpaka dirisha la mapokezi.